Kutoka Kimondo cha Mbozi hadi Lengai: siku kumi kwenye njia ya nguvu nne

Daftari limerudi limejaa vumbi, picha zimepangwa kwa tarehe na risiti za mafuta zimejumlishwa. Safari ilikuwa ya Julai: watu wanne, gari moja la fobaifo, kilomita 1,600 hivi kutoka Mbeya na Songwe hadi ufukwe wa Ziwa Natron na kurudi Mto wa Mbu. Njia ilichaguliwa ili kupita mahali ambapo nguvu nne za asili zinaonekana kwa macho, bila maabara. Mvutano na sumakuumeme kila mtu anazijua walau kwa jina. Mbili zilizobaki, nguvu kali na nguvu dhaifu, zimejificha ndani ya kiini cha atomi, na ndiyo maana tulianzia Mbozi.

Siku ya 1: Mbeya hadi Mbozi

Barabara ya Tunduma ni lami tupu, ila usitegemee kasi. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupanda vilima taratibu, na penye mizani foleni hurefuka. Kilomita 65 zilikula saa mbili. Kibao cha kuchepuka kusini kinaonekana vizuri ukitoka upande wa Mbeya. Ukitoka Tunduma unaweza kukipita.

Kimondo ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 ni chuma, karibu 9 ni nikeli, na kilichobaki ni chembe za shaba, salfa na fosforasi. Ukigawa uzito huo kwa densiti ya chuma unapata mita za ujazo 2 tu, sawa na tenki la maji la lita 2,000 la nyumbani. Kilipoandikwa na wanasayansi mwaka 1930 ni mgongo tu uliokuwa nje ya ardhi. Udongo wa pembeni ukachimbwa, ukaachwa mguu wa udongo chini yake, na mguu huo sasa umevikwa zege.

Asubuhi ukiweka kiganja juu yake unahisi baridi kuliko udongo ulio kando, ingawa vyote vimelala usiku mmoja nje. Chuma hupitisha joto haraka, hivyo hulivuta joto la mkono kabla ngozi haijafidia. Uso wake una vishimo kama alama za dole gumba kwenye unga uliokandwa. Ni mahali ambapo hewa ya moto iliuyeyusha na kuuchonga ulipokuwa ukishuka angani.

Kwa nini chuma, na si dhahabu au risasi? Protoni zina chaji chanya, kwa hiyo ndani ya kiini zinasukumana. Nguvu kali ndiyo gundi inayozishika, lakini haifiki mbali: inamgusa jirani wa karibu tu. Kwenye viini vidogo, kila chembe mpya inaongeza gundi kuliko inavyoongeza msukumano. Kwenye viini vikubwa mambo hugeuka. Katikati, palipo chuma na nikeli, mkazo wa gundi kwa kila chembe ndio mkubwa kuliko kote. Nyota kubwa ikishaunguza mpaka hapo haipati tena nishati kwa kuunganisha viini, na kazi inaishia hapo. Vitabu vingi husema bingwa ni chuma-56 (namba ni jumla ya protoni na neutroni, chembe zisizo na chaji, ndani ya kiini). Kwa hesabu kali bingwa ni nikeli-62, ikimzidi kwa unywele. Nikeli-62 ni asilimia 3.6 hivi ya nikeli yote, kwa hiyo ndani ya kimondo kile mna takriban kilo 50 zake.

Nguvu dhaifu nayo imepita humo. Sehemu kubwa ya chuma-56 hutoka kwenye milipuko ya nyota ikiwa nikeli-56. Kwa siku 6 nusu yake hugeuka kobalti-56, na kwa siku 77 nusu ya kobalti hugeuka chuma. Kugeuza protoni kuwa neutroni ni kazi ambayo nguvu nyingine tatu haziwezi.

Kwa ruhusa ya msimamizi, sumaku ndogo ya gramu 30, iliyotolewa kwenye spika kuukuu, ilibandikwa upande wa chini wa kimondo. Ikaganda. Dunia nzima inaivuta chini na haibanduki, maana kati ya protoni mbili msukumano wa umeme unauzidi mvutano kwa mara 1 ikifuatwa na sifuri 36. Kimondo chenyewe hakina umbo la tufe kwa sababu hiyohiyo. Mvutano wake, ukisimama mita moja kutoka kitovu chake, ni sehemu moja ya milioni kumi ya ule wa Dunia. Hauwezi kukunja chuma. Ili mvutano uviringishe kitu lazima kiwe na upana wa mamia ya kilomita.

Basi swali la siku zote zilizofuata lilikuwa hilo: nguvu iliyo nyonge hivyo inapataje kuchonga milima na mabonde? Jibu ni kwamba chaji chanya na hasi hufutana, lakini uzito haufutwi na chochote. Hulimbikizana tu.

Kwa atakayekuja na dira: isome ukiwa walau mita 10 mbali. Karibu na kimondo sindano inadanganya.

Siku ya 2: Mbeya hadi Iringa

Kilomita 330 hivi, Makambako kwenye upepo wa baridi, misonobari ya Sao Hill, chai ya tangawizi mara mbili, na hakuna la kuandika.

Siku ya 3: Isimila, Mtera, Dodoma

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ileile ya Mbeya, na wengi huisimamia kwa zana za mawe. Korongo la nguzo liko hatua chache mbele. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Jua likiwa chini, vivuli vinaonyesha kila tabaka.

Nguzo hizi ni matope ya kale yaliyokauka, na kila moja imesimama kwa sababu tabaka gumu lililo juu linaikinga na mvua kama kofia. Kitu kinachoshika udongo ni umeme mtupu: vipande vya mfinyanzi vina chaji hasi usoni, na kati yake hukaa ayoni chanya, yaani atomi zenye chaji, na utando mwembamba wa maji unaovifunga pamoja. Mchanga mkavu haushikani. Wenye unyevu kidogo unashikana kwa sababu maji hujivuta kwenye pembe kati ya chembe na kuzibana. Ukizidisha maji, utando unakuwa dimbwi, mbano unaisha, na mvutano unachukua chake. Kwa hiyo nguzo haianguki polepole. Hukaa miaka, halafu mvua moja ndefu inaloanisha kitako chake na yote inashuka kwa mkupuo. Usisimame chini yake masika, na usiegemee nguzo kwa ajili ya picha wakati wowote.

Kutoka Iringa barabara inashuka kwenye joto hadi Mtera, inakopita juu ya bwawa lenyewe. Perege wa kukaanga huuzwa kando ya barabara, na mama aliyetuuzia alitufungia ndimu na chumvi za njiani bila kuhesabu.

Bwawa hili lilianza kama ghala la maji ya Kidatu, kisha likapata mitambo yake ya megawati 80. Tani moja ya maji ikishuka mita 100 hutoa karibu megajuli 1, yaani uniti 0.27 za umeme. Hiyo inawasha taa ya wati 10 kwa saa 27. Si haba kwa mvutano. Lakini gramu moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa karibu uniti 23,000. Ili kuifikia ungehitaji kuangusha tani 84,000 za maji kutoka kimo hichohicho. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuvutwa na Dunia na kufunguliwa kiini.

Siku ya 4: Dodoma hadi Kondoa

Lami yote hadi Babati, nzuri. Baada ya kutoka Dodoma chamchela zilianza kabla ya saa sita mchana, tatu au nne kwa wakati mmoja, nguzo za vumbi jekundu zikizunguka mashambani. Ardhi iliyochomwa na jua hupasha hewa ya chini, hewa nyepesi inapanda, ya kando inaingia kujaza, na mzunguko mdogo unaongezeka kasi kadiri unavyobanwa katikati. Hewa ya moto haipandi yenyewe: inasukumwa na ile baridi, nzito, inayovutwa chini yake. Punje zinaposuguana ndani ya chamchela hubadilishana chaji, ndogo huwa hasi na kupanda, kubwa huwa chanya na kubaki chini. Ndiyo maana vumbi lake lilinata kwenye skrini ya simu hata baada ya kupulizwa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kikavu kinaongeza chaji na kukwaruza kioo.

Vilima vya Kondoa vimechanwa na makorongo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Mantiki yake iko kwenye tone la mvua. Tone kubwa, lenye milimita 5, hufika chini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu linabomoa vibonge, punje laini zinaziba matundu, maji yanakosa pa kuzama na kuanza kukimbia. Yakikusanyika, mteremko unayapa kasi, na korongo linakata kurudi nyuma kuelekea kileleni. Jani moja la nyasi linavunja tone kabla halijafika. Makorongo mengi leo yameota miti kwenye kuta.

Kwenye njia ya vumbi ya kuchepuka kulikuwa na mto wa mchanga, mkavu kwa kuutazama. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alinyanyua fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Msipite hapo, mchanga umelalia maji."

Akachoma fimbo yake pale ambapo gari lingepita. Ilizama mpaka nusu, na ilipotoka kitobo kikajaa maji. Mchanga uliojaa maji hubeba uzito kwa kugusana punje kwa punje. Gari likiutikisa, punje zinaachana, uzito unahamia kwenye maji, na maji hayabebi gari. Alitupeleka mita 60 juu ya mto, kwenye mawe. Hela alikataa, akakubali kilo ya sukari.

Siku ya 5: Kondoa, Babati, Mto wa Mbu

Pancha ya kwanza, jiwe kali lililopenya ubavuni mwa tairi, kabla ya Makuyuni. Jeki ilizama udongoni badala ya kuinua gari. Tatizo si jeki, ni eneo la kitako chake: uzito uleule juu ya sentimita chache za mraba unashinda mshikamano wa udongo. Beba ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3. Sisi hatukuwa nao. Kijana wa bodaboda akaenda mwenyewe kutafuta kipande cha mbao, akarudi nacho, akabaki kushika tochi.

Fundi wa Mto wa Mbu aliziba pancha kwa 10,000, akashauri lisitumike mbele: ubavu hujikunja kila mzunguko, na kiraka hapo hakidumu. Ushauri mzuri. Lilibaki la akiba mpaka mwisho.

Jioni, ukuta wa Bonde la Ufa unasimama nyuma ya mji kama kitu kilichokatwa kwa msumeno. Ganda la Dunia hapa linavutwa pande mbili kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zinavyokua. Likinyooshwa linapasuka kwa ufa ulioinama, na pande la katikati linashuka kwa uzito wake. Moto unaolainisha miamba ya chini unatoka wapi? Karibu nusu ya joto linalotoka ndani ya Dunia ni la viini vya urani, thori na potasi vinavyoendelea kuoza. Iliyobaki ni joto la tangu Dunia ilipojikusanya.

Sokoni tulinunua ndizi nyekundu, sifa ya mji huu. Ndizi moja ina miligramu 400 hivi za potasi, na ndani yake viini vya potasi-40 kama 13 huoza kila sekunde. Usiogope: mwili wa mtu mzima una gramu 140 za potasi na hupigapiga zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde, ndizi au bila ndizi. Kumbuka potasi-40, inarudi siku ya saba.

Siku ya 6: Ngorongoro

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo, si taslimu getini, na hudumu saa 24, hivyo panga saa ya kuingia. Ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari. Watu sita ni nafuu kuliko wawili. Hatukushuka, kwa sababu tulichokuja kukitazama kinaonekana kutoka juu.

Wageni wengi husikia "kreta" wakadhani kimondo kilianguka. Hapana. Volkano kubwa ilimwaga magma yake, chumba cha chini kikabaki bila cha kukishikilia, na dari likaporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kuta zina kimo cha mita 600 hivi, sakafu ina kilomita za mraba 260. Mlima una kikomo cha kusimama. Miamba hushikwa na vifungo vya umeme kati ya atomi, uzito ukizidi nguvu ya vifungo hivyo kitako kinalegea. Kwenye sayari ya Mirihi, ambako mvutano ni asilimia 38 ya wetu, volkano ya Olympus Mons imefika kilomita 22 hivi. Hapa Duniani hakuna mlima unaofikia nusu ya hiyo juu ya usawa wa bahari.

Ukingoni, mita 2,300, kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani na maji huchemka kwenye nyuzi 92. Maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi yalichukua saa tatu na bado yalikuwa na ukaidi. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yanayotokota kwa fujo yana nyuzi zilezile 92. Leta sufuria ya presha au pika wali.

Siku ya 7: Oldupai na mchanga unaohama

Kushuka upande wa magharibi ni changarawe yenye mabati, na meno yanagongana. Punguza upepo wa matairi kutoka PSI 36 hadi 28, tembea kilomita 40 kwa saa. Ukisahau kujaza tena kwenye lami, ubavu wa tairi utachemka.

Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, likichungulia kwenye mteremko wa Korongo la Oldupai. Mwaka 1961 umri wake ulitangazwa kuwa miaka milioni 1.75, na wengi hawakuamini. Saa iliyotumika ni nguvu dhaifu. Nusu ya potasi-40 huisha kila miaka bilioni 1.25. Tisa kati ya kumi ya viini vinavyooza hugeuka kalsi. Kimoja humeza elektroni yake mwenyewe na kuwa agoni-40, gesi isiyoshikana na chochote. Kinachopimwa si fuvu bali jivu la volkano la matabaka yake: likiwa bado moto na kuyeyuka, agoni inatoroka. Fuwele zikiganda, gesi inanaswa, na saa inaanza kutoka sifuri.

Hesabu yake inatisha kidogo. Kwa miaka milioni 1.75 ni kiini kimoja tu kati ya elfu cha potasi-40 kimeoza, na sehemu ya kumi ya hivyo ndiyo imekuwa agoni. Na potasi-40 yenyewe ni atomi 117 katika kila milioni ya potasi. Makosa huingia kwa njia tatu. Fuwele zilizochakaa huvuja agoni, mwamba ukaonekana kijana. Fuwele za kale zilizobebwa na mlipuko au mafuriko huchanganyika, ukaonekana mzee. Na hewa tunayovuta ina karibu asilimia 1 ya agoni, inayonata kwenye sampuli. Hiyo ya tatu hurekebishwa kwa kupima agoni-36, ambayo haitokani na potasi: uwiano wake na agoni-40 hewani unajulikana, unautoa. Hizo mbili za kwanza dawa yake ni jicho la mchaguzi mbele ya hadubini.

Baada ya makumbusho, mwongozo alitangulia hadi kwenye mchanga unaohama. Ni tuta moja jeusi, umbo la mwezi mchanga, kimo cha mita 9 hivi, limesimama peke yake kwenye uwanda wa nyasi. Linasogea magharibi kwa mita 17 hivi kwa mwaka, na nguzo fupi zenye miaka zimeachwa nyuma yake kuonyesha lilikopita.

Kaa dakika kumi upande wa upepo, uso karibu na ardhi. Punje haziruki juu kama vumbi. Zinadunda, kila moja ikitua inagonga nyingine mbili tatu na kuzirusha. Zikivuka mgongo, zinaanguka kwenye kivuli cha upepo na kujirundika mpaka mteremko unapofika nyuzi 33 hivi, kisha safu nyembamba inateleza, sss, na kutulia. Pembe hiyo ndiyo mapatano kati ya msuguano na mvutano. Mimina sukari mezani utapata pembe inayokaribiana nayo.

Sumaku ya Mbozi ilitolewa tena, safari hii ndani ya mfuko wa plastiki. Ikarudi na ndevu nyeusi, punje zimesimama kwa mistari zikifuata uga wa sumaku. Jivu hili la volkano lina madini ya chuma. Mfuko ni wa lazima: ukiuvua, punje zote zinaanguka mahali pake. Bila mfuko utazikwangua wiki nzima. Usikanyage mgongo wa tuta, na punje ziache hapohapo.

Usiku, Mto wa Mbu tena.

Siku ya 8: Engaruka hadi Ngare Sero

Kilomita 115 hivi za vumbi na mawe, saa tano. Njiani kuna mageti ya ada zaidi ya moja, yote yakiwa ya watu tofauti. Tenga pesa taslimu za noti ndogondogo, dai risiti kila geti na uiweke karibu, kwa sababu geti linalofuata wataiuliza. Jaza mafuta Mto wa Mbu. Gari letu lilikula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami na 17 hapa.

Engaruka ina magofu ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima wa karne kadhaa zilizopita. Maji yalitolewa mtoni na kutembezwa mbali kwa mteremko mdogo sana. Mteremko ukizidi, mfereji unajichimba. Ukipungua, unajaa tope. Waliupata bila kipimo cha kununua.

Natron iko mita 600 juu ya usawa wa bahari, kina chake hakifiki mita 3, na hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia moja tu, kupanda angani, na chumvi haipandi nayo. Magadi yanabaki, na pH, kipimo cha ukali wa magadi au asidi, inapita 10. Wekundu unaouona ni wa vijiumbe vinavyopenda chumvi. Ukoko mweupe umepasuka pande nyingi-nyingi kwa sababu unapokauka unajibana, na mpasuko hufungua mahali penye mvuto mkubwa. Vaa viatu vilivyofunika kifundo. Mchubuko mdogo uliogusa maji haya unauma usiku kucha. Kinamama wa Kimaasai waliokuwa ufukweni walituita nyuma mapema: "Hapo panabonyea." Panabonyea kweli. Ukoko wa sentimita 2, chini yake uji.

Siku ya 9: Ol Doinyo Lengai

Kuondoka saa tano na nusu usiku, kuanza kupanda saa saba. Mwongozo wa kijijini ni lazima. Maji lita 4 kila mtu, taa ya kichwani na betri za akiba, glavu ngumu, soksi zilizofunika suruali. Kimo cha kupanda ni zaidi ya mita 2,000. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kazi ya kilokalori 330 dhidi ya mvutano, lakini misuli hupoteza robo tatu au zaidi kama joto, kwa hiyo andaa kilokalori 1,500: karanga gramu 260 zinatosha.

Juu ya nusu, mteremko unapita nyuzi 40. Jivu huru haliwezi kusimama hivyo. Linaweza kwa sababu mvua na chumvi zimeligandisha kuwa ukoko. Kanyaga kwa ubapa wa kiatu, usichimbe kwa ncha, ukoko ukivunjika unarudi hatua mbili.

Karibu na ukingo, kundi la nyota la Kilimia lilikuwa limekwisha kupanda juu ya bega la mlima. Jua lililokuwa likingojwa nalo ni nyota, na linawaka polepole kwa sababu ya nguvu dhaifu. Ili protoni mbili zianze kuungana lazima moja igeuke neutroni, na katika kitovu cha Jua protoni moja hungoja kwa wastani mabilioni ya miaka. Kilo kwa kilo, Jua linatoa joto mara elfu kadhaa chini ya mwili wa mtu aliyeketi. Ni ukubwa wake tu unaolifanya liwe vile.

Lava ya hapa haina ndugu kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani. Basalti ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 au zaidi, nzito, kwa kuwa silika na oksijeni hushikana minyororo mirefu. Hii ni ya magadi. Kaboneti haziungani minyororo, hivyo inatiririka kama oili kwenye nyuzi 500 hadi 600, nyeusi mchana, nyekundu hafifu usiku. Ikipoa huvuta unyevu wa hewa na ndani ya saa au siku huwa nyeupe. Ukiona mlima umevaa weupe kwa mbali, si theluji. Wengi hufikiri mlima mzima umejengwa kwa lava hii. Sehemu kubwa ya koni ni miamba ya silika ya zamani zaidi.

Julai 2007 mitetemeko ilitikisa upande wa Gelai, mlima jirani, mkubwa wao ukiwa wa 5.9, magma ilipopasua njia chini ya ardhi. Septemba Lengai ikaanza kulipuka, hadi 2008. Shimo lililoachwa limekuwa likijazwa tena taratibu. Usishuke ndani. Kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni wala haina harufu. Dakika 40 zilitosha, na saa moja na nusu asubuhi tulianza kushuka kabla jua halijawa kali. Kushuka huvunja magoti kuliko kupanda. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa akipanda alitusalimu "Sopa", tukajibu "Ipa", akampa mwenzetu fimbo yake bila kuuliza, akasema aiache kwa mwongozo.

Siku ya 10: kurudi Mto wa Mbu

Mwendo wa saa tano na nusu, tairi halikupasuka. Mafuta yote ya safari yalifika lita 210 na yalikula zaidi ya nusu ya bajeti.

Siku hiyohiyo osha gari upande wa chini kwa maji mengi ya kawaida, kisha vifaa vyote vya alumini: miguu ya kamera, rimu, vikombe. Magadi hula alumini kuliko chuma, kwa sababu huyeyusha utando wa oksidi unaoikinga. Ndani ya mikunjo ambako maji hayafiki, pitisha kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa kumi, halafu suuza. Mguu mmoja wa kamera ulisahauliwa ndani ya begi kwa siku nne. Una madoa meupe sasa, na skrubu yake ya chini haifunguki.